Safu ya Kulia

Daftari nililinunua Kadutu, kurasa mia mbili,
jalada la bluu, picha ya mpira juu yake.
Nikachora mstari katikati kwa rula ya mtoto:
kushoto, wanaotoa;
kulia, wanaopewa.
Sikufikiri zaidi. Hesabu ndivyo zinavyoandikwa.

Komite tulikuwa wanne. Zihalirwa seremala, mwenyekiti,
aliyetuazima benchi na hakulidai tena.
Mwalimu Cirhuza, aliyesahauliwa na serikali miezi saba,
akaendelea kuwaandikia wengine barua za malalamiko.
Nsimire, muuguzi mstaafu, na kikohozi chake mwenyewe.
Na mimi, mweka hazina, kwa kuwa nauza chumvi
na muuza chumvi, walisema, mkono wake unajua kipimo.

Warundi walikuwa wamepanda kutoka bonde la Ruzizi,
wakapanga vyumba huku Panzi, mlango kwa mlango,
na kila Jumamosi tulifungua kabati.
Sabuni. Unga wa muhogo. Kalamu.
Siku moja jeneza, ubao mwepesi, fupi mno:
Zihalirwa alilipigilia misumari usiku
asikubali mtu amshikie taa.

Nikaandika upande wa kulia:
Ntirandekura, mablanketi mawili.
Bukuru na mama yake, makala nusu gunia.
Kaneza, nauli ya hospitali, kwenda tu.
Ya kurudi tulichanga palepale, haikuandikwa.

Sijui ni lini nilianza kulisikia lile neno.
Kulia: mkono unaoshika tonge.
Kulia: sahani, na watu walioizunguka.
Kulia: jambo ambalo Kaneza hakulifanya
mbele yetu hata siku moja.

Ni yeye aliyesimama kwenye mkutano, mtoto mgongoni.
«Ninyi wa komite, Mungu awalipe.
Lakini mwaka wa tatu huu.
Ufunguo wa kabati unazunguka mikono minne.
Kati ya hiyo, wetu ni upi?»

Mvua ilikuwa ikipiga mabati,
ikatupa kisingizio cha kutosikia.
Akarudia.

Nitasema ukweli: niliumia.
Nilihesabu Jumamosi zangu, chumvi iliyoloa sokoni bila mwenyewe,
viatu vyangu viwili vilivyomezwa na matope ya mteremko ule,
vyote vya mguu mmoja.
Nsimire akakohoa, akacheka, akasema,
«Mimi nimechoka, jamani. Apewe nafasi yangu.»
Cirhuza akapekua kanuni kutafuta kizuizi.
Hakukipata, na kanuni aliziandika yeye.

Kaneza hakutaka nafasi ya Nsimire.
Alitaka daftari.
Mikono ikainuliwa, hata wa Zihalirwa, polepole,
macho yake yakiwa kwenye benchi lake.
Wiki mbili nilimsalimia Kaneza kwa kidevu.

Kisha Novemba. Ndoo kichwani, utelezi,
na mguu wangu ukavunjika mahali pawili.
Bukavu haibagui: mwenyeji na mgeni
huwaangusha kwenye jiwe lilelile.

Asubuhi ya pili alikuja Bukuru, miaka kumi na mitatu,
akamimina maji kwenye pipa, hakusema kitu, akaenda.
Akarudi tena na ya pili.
Kesho yake vilevile.

Jumamosi Kaneza alikaa ukingoni mwa kitanda
ili nikague hesabu, kama kanuni zinavyotaka.
Nilitafuta mstari wangu wa katikati.
Hakuuchora. Anaandika ukurasa mzima,
ukingo hadi ukingo, herufi zimelala
kama nyasi zilizokanyagwa na mbuzi,
na mimi, niliyezoea safu, nilichelewa kujiona:

«Mugoli, muuza chumvi. Mguu.
Ndoo mbili kila siku, anapeleka Bukuru.
Jumatano moja ilimwagika njiani.
Tunadaiwa ndoo moja.»